Baada ya cheti cha kupona: huzuni ya waliopona Ebola, na kwa nini kutembea ni sehemu ya dawa



Jumapili moja ya mwaka 2019 tulimpigia mama mmoja makofi mpaka mikono ikawasha. Alikuwa ametoka CTE siku nne tu zilizopita, na mkononi alishika cheti chenye muhuri kinachosema kwamba vipimo viwili, kimoja baada ya kingine, havikukuta tena virusi vya Ebola katika damu yake. Kwaya iliimba, wazee wa kanisa walisimama, na mimi nilihubiri juu ya Lazaro. Mama huyo alikuwa muuzaji wa makayabu sokoni, mtu wa sauti kubwa, mwenye kujua deni la kila mteja bila kuliandika popote. Siku ile hakucheka wala hakuongea. Nilidhani ni uchovu tu.

Baada ya miezi miwili hakuonekana tena ibadani. Tulipomtembelea tulimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya bidon tupu, anaangalia ukuta. Usiku hapati usingizi. Sufuria anaisahau motoni. Alijaribu kurudi sokoni mara mbili, na mara zote mbili alikosea kurudisha chenji, akalia mbele ya wateja. Mume wake alituambia kwa sauti ya chini: "Pasta, tangu atoke kule amekuwa mvivu."

Nami, niliyekaa miaka mitano kwenye shule ya teolojia, nilifanya nini? Pamoja na wazee wawili nilikemea pepo la huzuni saa nzima, kisha nikamwambia afunge siku tatu. Mtu aliyetoka kitandani akiwa mifupa, mimi nikamwambia asile.

Alipotusindikiza mpaka njiani alisema neno ambalo sijalisahau: "Pasta, mliniombea nitoke kwenye kitanda kile. Sasa mnaniombea kama mtu aliyekosea kutoka."

Miaka imepita, lakini katika parokia zetu bado kuna watu wa namna yake, na bado kuna wachungaji wanaofanya nilivyofanya mimi. Ndiyo maana naandika. Mengi ya hapa nimejifunza kwa waganga waliokuwa na uvumilivu nami, na kwa wale waliopona wenyewe.

Virusi vinaondoka, mwili unabaki na kazi

Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ukianzia Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa ni 3,470. Waliokufa ni 2,287. Zaidi ya watu 1,100 walipona. Butembo ilipigwa tena mwezi wa 2 mwaka 2021, na Beni mwezi wa 10 mwaka huohuo.

Hesabu hii ya waliopona ni jambo jipya katika historia ya ugonjwa huu nchini kwetu. Tangu Yambuku mwaka 1976, Ebola ilikuja, ikaua wengi, ikaondoka, na wachache waliobaki hawakufuatwa sana. Hata hivyo, baada ya Kikwit mwaka 1995, waganga waliona kwamba baadhi ya waliopona wanalalamika viungo na macho. Kisha wakati wa mlipuko wetu dawa zilijaribiwa hapahapa kwetu, na mwezi wa 8 mwaka 2019 ilijulikana kwamba mbili kati yake zinaokoa maisha kuliko zingine. Moja ilitengenezwa kutokana na kinga iliyopatikana katika damu ya mtu aliyepona kule Kikwit. Tumshukuru Mungu, na tumshukuru Profesa Muyembe na wenzake. Lakini kadiri watu wengi wanavyopona, ndivyo tunavyolazimika kuuliza: mtu aliyepona anaishi namna gani?

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Liberia, nchi iliyopigwa na Ebola kati ya mwaka 2014 na 2016. Watafiti waliwafuata watu 966 waliopona, wakawalinganisha na wengine 2,350 waliokuwa karibu nao lakini hawakuugua, yaani ndugu wa nyumba na marafiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kati ya kila watu 100 waliopona, karibu 29 walisema wanapoteza kumbukumbu. Kwa wale ambao hawakuugua walikuwa 5 tu. Uchovu usioisha: 18 kwa 6. Maumivu ya viungo: 47 kwa 17. Waliumwa kichwa zaidi na misuli zaidi.

Angalieni vizuri nani alilinganishwa na nani. Wale ndugu wa nyumba nao walizika, nao walitengwa na majirani, nao walilia. Kama kusahau kungekuwa ni huzuni ya msiba peke yake, ndugu hao wangesahau vilevile. Kwa hiyo mama wa makayabu alipokosea chenji, hakuwa mvivu, na wala hakuwa amepungukiwa na imani. Ugonjwa ulikuwa umepita ndani ya mwili wake na kuacha alama. Utafiti huo ulileta pia habari njema: muda ulivyoendelea, mengi ya malalamiko hayo yalipungua.

Sasa alama hiyo inaachwa namna gani? Mkumbuke mtu mwenye malaria. Hataki kula, hataki kuongea, anataka blanketi na giza. Siyo vijidudu vyenyewe vinavyomwambia hivyo. Ni kinga ya mwili wake inayotuma ujumbe kwenye ubongo: lala, jitenge, tunza nguvu kwa ajili ya vita. Ni mpango mzuri wa siku tatu au nne. Lakini baada ya ugonjwa mkali wa virusi, kwa watu wengine ujumbe huo hauzimiki upesi. Vita imekwisha, lakini askari bado wanapiga risasi hewani, na mtu anaendelea kusikia mwili mzito, akili yenye ukungu, na moyo usiotaka kitu. Ukiangalia dalili hizo utaona zinafanana sana na dalili za huzuni nzito ambayo waganga wanaiita depresio. Siyo ajabu kwamba mara nyingi hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Halafu kuna yale ambayo macho yaliona. Mtu alilala CTE siku nyingi akihudumiwa na watu waliofunikwa toka kichwani mpaka miguuni, ambao aliwajua kwa jina lililoandikwa kifuani tu. Aliona kitanda cha jirani kikiwa na mtu asubuhi, na jioni kikiwa kitupu. Pengine mume alikufa kwenye chumba cha pili, akazikwa na kikosi cha mazishi bila yeye kutupa hata konzi moja ya udongo. Aliporudi nyumbani, godoro lilikuwa limechomwa. Kwa watu wa namna hii, harufu ya dawa ya klorini peke yake inatosha kufanya moyo upige mbio. Hiyo ndiyo tromatisme, neno ambalo sote tunalitumia siku hizi hata kwa mambo madogo.

Na kuna yale tuliyofanya sisi majirani. Wateja walimwambia mama aweke makayabu chini kwanza, wao wayaokote. Mtoto wake aliitwa "Ebola" shuleni. Wengine walisema Ebola ni biashara, na kwamba aliyepona alilipwa ili aseme uongo. Hapo kanisa haliwezi kunyoosha kidole kwa wengine, kwa sababu maneno hayo yalisemwa pia kwenye veranda zetu baada ya ibada. Basi tuseme wazi: kumshika mkono mtu aliyepona, kula naye, kukaa naye benchi moja, kutembea naye, hakuleti Ebola. Virusi vinaweza kujificha kwa muda katika sehemu chache za mwili, hasa katika mbegu za mwanamume, na ndiyo sababu waganga wanawafuata waliopona kwa miezi mingi, wanawapima na kuwashauri juu ya maisha ya ndoa. Hilo ni jambo la faragha kati yao na muganga. Halimhusu mtu wa soko wala mtu wa kwaya.

Ebola si peke yake. Watu waliougua Korona nao walibaki na uchovu, pumzi fupi na akili isiyokaa mahali pamoja, mpaka OMS ikatoa maelezo maalum juu ya hali hiyo mwaka 2021. Na hata wasiougua waliguswa: OMS ilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona depresio na hofu viliongezeka duniani kwa 25%. Na mpox, ambayo Kivu ya Kusini inaifahamu vizuri tangu Kamituga, inaacha makovu usoni, na mwenye makovu usoni hapendi kwenda mbele za watu.

Kutembea kunafanya nini

Daktari aliyemtunza yule mama ndiye aliyenishangaza. Alimwandikia dawa, alimwita kwa mazungumzo na msaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita APS, halafu akaniambia: "Pasta, na wewe una kazi. Tafuta mtu atembee naye kila siku." Nilifikiri anatania. Nilikuwa nimezoea kwamba sporti ni ya vijana wa timu ya mpira na ya matajiri wenye tumbo.

Alinifafanulia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walitangaza jaribio walilofanya na watu 156 wenye miaka 50 na zaidi, wote wakiwa na depresio. Kundi la kwanza lilipewa dawa. Kundi la pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa juma, kutembea haraka au kukimbia polepole. Kundi la tatu lilifanya yote mawili. Baada ya majuma 16, makundi matatu yalikuwa yamepata nafuu karibu sawasawa. Tofauti ni kwamba wenye dawa walianza kusikia nafuu mapema zaidi. Siyo jambo dogo: miguu ya mtu ilifanya kazi karibu na ile ya kidonge.

Jaribio lingine, la mwaka 2011, lilichukua wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, mara tatu kwa juma, mwaka mzima. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Walipopigwa picha za ubongo, ile sehemu ndogo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imekua kwa karibu 2% kwa waliotembea, na kwa wengine ilikuwa imepungua. Majaribio haya mawili hayakufanywa na watu waliopona Ebola, na sitaki mtu ayatumie kuahidi muujiza. Lakini mtu anayesahau, asiyelala na asiyetaka kitu, ana sababu nzuri ya kusimama na kutembea.

Ndani ya mwili mambo yanakwenda hivi. Misuli ikifanya kazi, damu inapita vizuri zaidi kwenye ubongo, na ubongo unatoa vitu vinavyosaidia chembe zake kujishona upya. Ule moto wa kinga usiozimika, mazoezi ya kiasi yanayofanywa kwa muda mrefu yanausaidia kupoa. Usiku mwili uliochoka kwa haki unalala, na usingizi ukirudi, nusu ya ugonjwa imepungukiwa na chakula chake. Na kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye picha za ubongo. Depresio inamwambia mtu: huwezi kitu. Mtu akifika kwenye mwembe aliosema atafika, amelijibu neno hilo kwa miguu yake.

Wenzetu wa Kivu wanafahamu chukudu. Ikisimama katikati ya mlima na mzigo wa magunia, kuisukuma hatua ya kwanza kunahitaji watu watatu. Ikishaanza kutembea, mmoja anatosha. Mtu wa depresio ni chukudu iliyosimama, na ndiyo maana kumwambia tu "simama utembee, ni dawa" hakusaidii. Hatua ya kwanza inahitaji mtu mwingine aje mlangoni.

"Unataka nikimbie tena?"

Nilipoanza kusema mambo haya kanisani, mama mmoja mzee alinisimamisha baada ya ibada. "Pasta, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na jembe. Narudi na kuni na ndizi kichwani. Unataka nikimbie tena?" Wote walicheka, na mimi pia, lakini swali lake ni la kweli na nililipeleka kwa daktari.

Jibu lake lilikuwa na pande mbili. Mtu anayelima kutwa na kubeba mizigo hana haja ya kuambiwa na mtu wa ofisi afanye mazoezi. OMS inashauri mtu mzima atembeze mwili angalau dakika 150 kwa juma, na mama huyo anazimaliza siku ya Jumatatu. Lakini mtu wa depresio ndiye hasa aliyeacha kwenda shambani. Kwake yeye mazoezi ni kurudi: kufika shambani bila jembe, kuzunguka, kurudi. Kesho yake, kupalilia mstari mmoja. Hahitaji viatu vya sporti.

Upande wa pili ni kwamba mwili unajua tofauti kati ya kutembea na kukimbizwa. Wengi wetu tumetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni na godoro kichwani, tukikimbia risasi. Hakuna aliyefika akiwa amepona huzuni. Kutembea kunakoponya ni kule ambako mtu amechagua mwenyewe, bila mzigo mkubwa, na mwenzake kando yake, wakiongea au wakinyamaza.

Lakini si kila mwili ni sawa

Hapa naomba tusome polepole, maana wachungaji tukisikia jambo jema tunapenda kulifanya amri.

Kuna watu ambao baada ya ugonjwa wa virusi wanakuwa na uchovu wa namna nyingine. Leo anatembea vizuri, anafurahi, anaongeza mwendo. Kesho au kesho kutwa anaanguka: mwili kama umepigwa, kichwa kizito, hawezi kuinuka. Hali hii imeonekana sana kwa watu wa Korona, na OMS yenyewe inaonya kwamba mtu wa namna hiyo asisukumwe kufanya mazoezi kwa nguvu. Kwake dawa ni kipimo kidogo na mapumziko kabla hajachoka. Kipimo rahisi ambacho tunakitumia ni asubuhi inayofuata. Kama mtu ameamka sawa na jana au vizuri zaidi, anaweza kuendelea hivyohivyo kwa juma zima kabla ya kuongeza. Kama ameamka akiwa chini zaidi, tulizidisha, na tunapunguza. Tunaanza na dakika tano au kumi. Kwa mwenye maumivu ya viungo tunatafuta njia tambarare, na katika mji kama Butembo, wenye milima kila upande, hiyo inataka kutafutwa kweli.

Mtu mwenye maumivu ya kifua, mwenye kukosa pumzi hata akiwa amekaa, mwenye kuzimia, au mwenye homa, hatembei nasi. Anakwenda kituo cha afya. Aliyepona Ebola ambaye jicho linakuwa jekundu, linauma, au linaona ukungu, aende haraka siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huo wa jicho ukicheleweshwa unaweza kupofusha. Kuumwa kichwa kusikozoeleka na shingo ngumu, vilevile.

Na kuna huzuni ambayo kutembea hakuitoshi. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, au akikataa chakula kabisa, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Muulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumfundishi jambo hilo, kunampa nafasi ya kulisema. Ondoeni nyumbani dawa ya kupulizia shamba. Msindikizeni mpaka kwa muganga. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, nyumba zinazotunza magonjwa ya akili kwa miaka mingi. Lakini kwa barabara za leo si kila mtu anaweza kufika huko, basi anzeni na kituo cha karibu na mwombeni IT awaelekeze. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ameanza kutembea, wala kwa sababu ameombewa. Nimeona watu wakiacha dawa baada ya maombi ya usiku, na niliyesimamia maombi yale ni mimi. Sirudii.

Eliya chini ya mti

Ndugu mmoja aliniuliza kama haya ni mambo ya waganga tu. Nilimrudisha kwenye 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa, anakimbia, anakaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika hamkemei, hamwambii afunge. Anamgusa na kumpa mkate na maji, na Eliya analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula, kisha anatembea siku arobaini mpaka Horebu. Mazungumzo na Mungu yanakuja baada ya hapo. Shuleni tuliandika kurasa nyingi juu ya sauti ndogo ya utulivu, na hakuna profesa aliyetuuliza juu ya mkate, usingizi na ile njia ndefu. Mimi niliyefungisha mama siku tatu ningekuwa nimeisoma vizuri, nisingekosea vile.

Namna tulivyofanya

Aliyemtoa mama wa makayabu nyuma ya nyumba hakuwa mchungaji wala daktari. Alikuwa jirani, naye amepona Ebola. Wakati wa mlipuko waliopona waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya CTE, kwa kuwa wao hawakuogopa kuambukizwa tena kama sisi, na jirani huyo aliifanya kazi hiyo. Alifika mlangoni na bidon mbili za lita tano. Hakusema "tufanye mazoezi". Alisema, "Twende tuchote maji." Siku ya kwanza mama alifika nusu ya njia akarudi. Jirani akachota zote mbili, na kesho yake akaja tena.

Baada ya majuma matatu hivi walifika chemchemi. Baada ya miezi miwili walikuwa wanapita sokoni wakati wa kurudi, bila kununua wala kuuza, kupita tu. Dawa alikuwa anakunywa muda huo wote, na kwa APS alikuwa anakwenda. Siwezi kuwaambia ni kipi kilichomsaidia zaidi. Yeye mwenyewe anasema ni lile bidon. Mume wake naye alianza kumsindikiza siku za Jumapili, baada ya daktari kumkalisha na kumweleza neno "mvivu" maana yake nini kwa mgonjwa.

Siku hizi anauza makayabu tena. Kumbukumbu haikurudi yote. Binti yake anaandika madeni kwenye daftari, na mama anasema kwa kucheka kwamba wateja wanaolichukia daftari hilo ndio waliokuwa wanafurahia asahau. Usingizi wake bado unakatika akisikia gari la wagonjwa.

Parokiani tuliweka siku ya Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, wakati jua limetoka na watu wengi wako njiani, kwa ajili ya usalama. Alfajiri na jioni hapana, kila mtu anajua sababu. Juma ambalo habari za barabarani ni mbaya hatutoki, tunazunguka kiwanja cha kanisa ndani ya ukuta. Wanakuja waliopona, wanakuja wajane, anakuja kijana aliyekuwa katika kikosi cha mazishi na ambaye mpaka leo hapendi kushika jembe la koleo. Hatuulizi nani aliugua nini. Wawili wawili, mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia, ili asiachwe nyuma. Mchungaji haruhusiwi kuhubiri njiani. Sheria hiyo waliipitisha akina mama siku ambayo sikuwepo, na nimeikubali. Mwishoni tunakunywa uji, na atakaye kuombewa anasema mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na wanne. Mvua ilitukuta kabla hatujatoka kwenye lango, mvua ya upepo na mawe. Nilitaka tuahirishe. Mama wa makayabu akaingia ndani ya kanisa, akaanza kuzunguka mabenchi peke yake, mkono mmoja umeshika ukuta. Wengine wakamfuata. Tulizunguka mara ishirini na mbili. Yeye ndiye aliyehesabu, na hakukosea.